Fani mbili au wapambe wawili: kumbukumbu ya mchezo wetu wa Jumamosi

Jumamosi ya tatu ya mchezo wetu wa kuigiza ndiyo iliyoniharibia usingizi. Mpwa wangu aliweka dadu chini, akanitazama, akasema: "Mjomba, ami kacheza mara tatu, mie bado naingojea yangu moja." Ami mwenyewe, jirani yetu mchuuzi wa samaki, anacheka huku anachovya mkate kwenye chai. Kishapiga yeye, baharia wake wa kwanza kapiga, wa pili naye kapiga, na maharamia watano wa ufukwe wa Vumawimbi wamebaki wawili. Mpwa, aliyejinyima wiki mbili nzima ili awe mganga na mpiga mkuki kwa pamoja, kabakishiwa makombo.

Kwa anayeanza kusoma leo: huu ni mchezo wa kuigiza wa mezani, ingawa meza hatuna, tunakaa mkekani kwangu hapa Wete baada ya isha. Mie ndiye mtambaji. Nasimulia dunia na kuwachezea maadui; wenzangu watatu kila mmoja ana mhusika wake, na dadu mbili za ludo ndizo zinazokata maneno. Dunia yetu ni Pemba ya majahazi, ya kungojea kaskazi na kusi. Kanuni nazitunga mwenyewe kwenye daftari la skuli, ambalo sasa lina kurasa nyingi zilizofutwa kuliko zilizobaki.

Fani ni kazi ya mhusika, kama uganga au unahodha. Wapambe ni wale wanaomfuata: mabaharia, wachukuzi, mshika taa. Mwanzo niliwaandika "masahaba", mama aliposikia akaniuliza nimepatwa na nini. Basi, wapambe.

Usiku ule ule nilifanya hesabu. Mpambanaji wa fani moja kwangu anapata shabaha dadu mbili zikijumlisha 6 au zaidi, yaani mara 26 katika 36, na pigo lake, yaani uhai anaompunguzia adui, ni dadu moja, wastani 3.5. Inatoka 2.53 kwa mzunguko mmoja wa zamu. Mpambe anahitaji 9, kwa hiyo 0.97. Jirani na mabaharia wake wawili: 4.47. Mpwa, kwa kuwa uzoefu wake (alama zinazompandisha mhusika ngazi) kaugawa, anahitaji 7. Anapata 2.04. Hata nusu ya mwenzake hafiki! Na hapo sijahesabu kwamba maharamia wanawapiga mabaharia kwanza, bwana wao yupo nyuma salama salimini.

Kosa langu lilikuwa kudhani mwenye fani mbili ni watu wawili. Kumbe ni mtu mmoja mwenye kabati kubwa la nguo. Akitoka nje anavaa moja tu. Mwenye mpambe ndiye hasa mwenye mikono minne.

Dawa ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa ya kijinga: nikamwongezea mwenye fani mbili nguvu kotekote. Jumamosi ya nne ilipokwisha kila mtu mkekani ana fani ya pili. Nahodha kawa sonara, sonara kawa nahodha, jahazi zima halina mtu wa kazi moja. Nikafuta.

Nikageukia michezo mikongwe ya aina hii. Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974, ilishapita njia hii. Kwenye kanuni zake za 1978 binadamu anayetaka fani ya pili anaiacha ya kwanza na kuanza upya ngazi ya 1. Akichungulia ujuzi wa zamani kabla ngazi mpya haijaipita ya kale, uzoefu anaukosa. Wafuasi nao wana kikomo kinachotokana na alama za haiba za bwana wao: mwenye haiba 10 anapata wanne, mwenye 18 anafika 15. Na mfuasi hula nusu ya fungu la uzoefu. Nilipenda hilo la nusu fungu, nikalichukua Jumamosi ya tano. Jirani hakujali hata kidogo. Wapambe wake wakifa anashuka Mkoani kuajiri wengine. Uzoefu wa maiti una kazi gani?

Dawa niliyobaki nayo ilitoka kwenye bao la marehemu babu. Nilikuwa natafuta kitu cha kuhesabia uhai, nikachota komwe, zile mbegu za kuchezea bao, kwenye kifuko chake, na nilipozigawa ndipo nikaona. Kila mchezaji anapata komwe tatu kwa mzunguko, awe peke yake au awe na msafara wa watu kumi. Kusogea ni komwe moja. Kupiga ni mbili, apige bwana au mpambe. Komwe moja unaweza kuiweka akiba hadi mzunguko unaofuata. Na mwenye fani mbili akishafanya tendo la fani moja, tendo la fani ya pili katika mzunguko huo huo linamgharimu komwe moja tu.

Rudia hesabu. Jirani anapiga, anaweka komwe moja, mzunguko wa pili ana nne: anapiga yeye na mpambe mmoja. Wastani 3.01. Mpwa anapiga na kutibu kila mzunguko, 2.04 na uhai mmoja juu: 3.04. Najua, uhai unaomrudishia mwenzako si sawa na pigo kwa adui. Lakini nilifurahi, nikamwamsha mke wangu kumweleza. Hakufurahi.

Jumamosi ya saba tulijaribu, umeme ukakatika katikati, tukaendelea kwa tochi ya simu. Raha ya komwe ni kwamba unazisikia. Mtu anazisugua kiganjani, anasita, na mkeka mzima unajua anawaza kumtuma mpambe au kwenda mwenyewe. Jirani alikaa kimya muda mrefu kuliko siku zote nilizomjua.

Suala la wapambe kuwa ngao ya bwana wao nimelifunga nusu. Mpambe akitumwa mbele anatupiwa dadu mbili. Zikizidi uaminifu wake, anakimbia. Chongo, baharia kipenzi cha jirani, ana uaminifu 8. Zikatoka 6 na 4. Chongo katoweka vichakani upande wa Ngezi, na gunia la karafuu la bwana wake mgongoni. Jirani aliniambia maneno ambayo siyaandiki hapa.

Kilichobaki: mwenye fani mbili akiajiri mpambe, ile komwe ya bei nafuu inamhusu yeye peke yake, au na mpambe wake pia? Sijaamua, na siku zimenibana. Chongo kaonekana sokoni Konde akiuza karafuu, na mpwa tangu juzi ananiuliza Chongo ataajiriwa kwa mshahara gani.