Matangi Manne ya Ami

Mzozo wote ulikuwa juu ya matangi manne ya chuma. Mashine yenyewe ya kukamua mafuta haikumsumbua mtu; ofisa wa forodha aliifungua, akaikagua pamoja na mota zake na sanduku lake la swichi, akaipitisha. Matangi ndiyo yaliyotukwamisha.

Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya klaringi, yaani ya kuwatolea watu mizigo bandarini, mjini Mombasa, miaka kadhaa baada ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanza kutoza ushuru mmoja wa forodha mwaka 2005. Viwango wakati huo vilikuwa vitatu: malighafi na mitambo sifuri, bidhaa za kati asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Kila kinachoingia nchini hupewa namba, na namba ndiyo husema mwenye mzigo alipe nini. Nimewaona wenye viwanda vidogo wakihesabu senti miaka na miaka waagize mtambo, kisha namba moja tu ikawavurugia hesabu yote wakiwa wameshafika bandarini Kilindini.

Mteja wetu alikuwa mzee wa Kilifi, mnunuzi wa mbata, nazi zilizokaushwa. Nilimwita Ami, kwa heshima ya umri tu, naye akiniita mwanangu. Alichoka kuuza mbata kwa watu wengine wakamue wao, akaagiza mtambo mzima kutoka Ludhiana, India: wa kusaga, wa kukamua, chujio, na hayo matangi. Tuliuingiza kwenye entri, fomu ya kutangaza mzigo forodhani, kama mtambo mmoja, namba 8479.20, iliyo ya mashine za kukamua au kutayarisha mafuta. Ofisa akayatenga matangi. Kwake yeye, tangi la chuma linalozidi lita 300 ni la namba 73.09, fungu moja na matangi ya maji, na hilo si la sifuri. Akaandika pia kwamba tumetangaza mzigo vibaya, jambo lililomuuma Ami kuliko ushuru wenyewe.

Mjini kila mtu alikuwa na ushauri, na ushauri ulikuwa mmoja: tafuteni mtu wa ndani. Ami alikataa katakata. "Kama ni haki yao nitalipa, mwanangu. Wanioneshe tu kwamba ni haki yao."

Basi nikakaa na kitabu cha ushuru. Watu hukiogopa bure. Maelezo ya Sehemu ya 16, namba 4, yanasema kwamba mashine iliyoundwa kwa sehemu mbalimbali, ziwe zimetengana au zimeungwa kwa mabomba na nyaya, zikikusudiwa kufanya pamoja kazi moja iliyo wazi, hupewa namba ya kazi hiyo. Na hiyo 73.09 yenyewe, ukiisoma hadi mwisho, huyaacha nje matangi yaliyofungwa vifaa vya mashine au vya kupasha joto. Nikaitisha michoro kutoka kwa mtengenezaji. Matangi matatu yalikuwa na bomba la mvuke ndani. Hakuna aliyekuwa ameingiza kichwa kutazama.

Tuliomba ukaguzi wa pili. Tulifika yadini asubuhi na mapema, mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma na baridi ile ambayo watu wa bara hutucheka tukiiita baridi. Ofisa aliyeletwa alikuwa dada kijana, si yule wa kwanza. Akapanda ngazi, nikampa tochi, akainama kwenye mdomo wa tangi. Bomba la inchi moja hivi lilizunguka ndani kutoka chini hadi karibu nusu ya kimo, na ncha zake mbili zilitokeza ubavuni, zimezibwa kwa vizibo vyekundu vya plastiki. Nilipomuonesha vizibo vile kwa nje alivigusa kimoja kimoja.

"Nimeliona bomba, Mzee," akasema. "Lakini mafuta si ni maji tayari? Ya nini kuyapasha?"

Ami akatoa chupa ya soda mfukoni mwa koti, imejaa mafuta ya nazi ya nyumbani kwake. Akaipindua. Hayakutoka. Yalikuwa meupe, yamekamatana na kioo. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za kusi pwani hushuka.

"Jana mchana haya yalikuwa yakimiminika, mwanangu. Sasa nambie nitayapitishaje kwenye chujio?"

Yule dada aliichukua chupa akaipindua mwenyewe. Kisha akapanda tena na tochi, akapiga picha, akaandika alichokiona, tangi kwa tangi. La nne aliliandika pia: halina bomba. Alitueleza wazi kwamba kubadili uamuzi si kazi yake, tupeleke maombi ya mapitio, yaani uamuzi uangaliwe upya, kwa Kamishna wa forodha. Namheshimu hadi leo.

Kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, humpa mtu siku 30 kupeleka maombi hayo, na humpa Kamishna siku 30 kujibu. Akinyamaza, huhesabika amekubali. Sheria nzuri. Lakini storeji, ada ya kuweka mzigo yadini, haingoji Kamishna. Yadi huhesabu kila siku, na kampuni ya meli nayo huhesabu dimareji, faini ya kuchelewesha kontena zake, haki iwe ya nani. Ili mtambo utoke mzozo ukiendelea ilibidi Ami aweke dhamana ya benki, na benki ilitaka hati ya shamba la minazi, na hati ikabidi ithaminiwe, huku yadi inahesabu. Hili ndilo linalonikera mpaka leo: kumfanya mtu alipie muda ambao serikali inautumia kujikosoa.

Jibu lilikuja ndani ya muda, kwa maandishi na kwa sababu. Matangi matatu yakarudishwa kwenye 8479.20, na neno la kutangaza vibaya likafutwa. La nne, la kuhifadhia mafuta yaliyokwisha kuchujwa, likabaki 73.09. Ami alilisoma mara mbili, akasema wana haki, akalipa wiki ile ile.

Juu ya storeji barua haikusema neno. Nilimwandikia mwenye yadi kuomba punguzo, nikaambatisha nakala ya uamuzi, akapunguza kidogo. Zilizobaki Ami alizilipa kwa kuuza lori lake la kubebea mbata, na msimu wa kwanza wa kiwanda chake aliendesha kwa malori ya kukodi.