Kuhani na Majivu ya Asubuhi

Somo: Walawi 6:8–13

Wapendwa, amani ya Bwana iwe nanyi. Mada ya wiki hii ni kazi za nyumbani na jinsi ya kupata moyo wa kuzifanya kila siku bila kukata tamaa. Najua wengi mmeshafungua Luka 10 mkimsubiri Martha, yule aliyehangaika na kazi za nyumbani Yesu alipowatembelea. Tumwache Martha apumzike, amesemwa vya kutosha. Twende Walawi, kile kitabu ambacho kila mwaka tunaanza kusoma Biblia nzima mwezi wa kwanza, tukifika hapo tunakwama.

Sadaka ya kuteketezwa ilikaa juu ya moto usiku kucha. Kulipopambazuka, kabla ya lolote jingine, kuhani alizoa majivu. Alivaa vazi lake la kitani, lilelile la ibada, akayatoa majivu akayaweka kando ya madhabahu. Baada ya hapo alibadili nguo, akayabeba mpaka nje ya kambi, mahali safi. Akatia kuni, akapanga sadaka mpya. Kesho yake tena, na kesho kutwa.

Huyu alikuwa mzao wa Haruni, mtu wa heshima zake, na Torati haikusema atafutiwe kijana wa kumzolea. Wala haikusema avae matambara kwa kuwa ni kazi chafu. Zile nguo za pili zilikuwa za kubebea majivu nje. Pale penye moto alisimama na kitani chake kama anayetoa sadaka. Kwa Mungu, kupasafisha hapo kulikuwa sehemu ya ibada.

Na majivu yenyewe yalitoka wapi? Yalitoka kwenye sadaka ya jana. Madhabahu isiyo na majivu ni ile ambayo hapakuwaka kitu. Angalia sufuria ya ugali iliyolala na ukoko wake, na karai la vyombo limejaa: kuna watu walikula jana wakashiba. Lile rundo la nguo juu ya kiti, zimeanuliwa tangu juzi na hakuna aliyezikunja, lina miili inayozivaa, na kaptula mojawapo imeshaanza kumbana mwenyewe. Mithali 14:4 inasema, "Zizi ni safi ambapo hapana ng'ombe." Kinachotuvunja moyo mara nyingi ni kuona jana umepiga deki, leo pamekuwa vilevile, basi unahisi ya jana ilikuwa kazi bure. Kuhani naye angeweza kusema hivyohivyo. Lakini moto ule uliamriwa usizimike, na moto usiozimika lazima uzolewe majivu, la sivyo utajifukia wenyewe. Anayepikia mkaa hahitaji maelezo ya hilo.

Kuna habari nyingine haimo katika Biblia. Imo katika Mishna, mapokeo ya walimu wa Kiyahudi yaliyokusanywa kwenye mwaka 200 hivi baada ya Kristo. Inasimulia kwamba zamani, Hekalu lilipokuwa bado limesimama Yerusalemu, kuhani yeyote aliyetaka kuzoa majivu ya asubuhi aliruhusiwa. Wakiwa wengi walikimbizana kupanda ule mteremko wa madhabahu, wa kwanza kukaribia juu ndiye aliyeipata kazi. Siku moja wawili walikuwa sawasawa, mmoja akamsukuma mwenzake, akaanguka akavunjika mguu. Wakubwa wakaona hatari, wakaamuru kuanzia hapo ipigwe kura.

Mguu umevunjika kwa kugombea majivu! Nimejaribu kuwaza nyumba ambayo watu wanasukumana kuwahi karai la vyombo, nimeshindwa. Kwetu tukishasali na kula, sahani zikiwa tupu kila mmoja anakumbuka simu yake iko wapi. Majivu yale hayakuwa na harufu nzuri kuliko yetu. Wale makuhani walijua tu wako nyumbani kwa nani.

Sasa, hamu. Wengi tunaisubiri ije kwanza ndipo tunyanyuke, na siku inapita. Mishna hiyohiyo inaeleza jinsi aliyeangukiwa na kura alivyoanza. Kulikuwa bado giza. Aliingia peke yake, bila taa, akitembea kwa mwanga wa moto wa madhabahu. Wenzake hawakumwona wala kumsikia mpaka uliposikika mlio wa gurudumu la mbao la kupandishia birika la maji, ndipo walijua sasa ananawa. Akapanda na koleo la fedha, akachota koleo moja, akashuka. Moja tu. Ndugu zake walipoona ameshuka wakaja mbio, wakanawa mikono na miguu, wakachukua makoleo na uma zao, wakapanda kumalizia majivu yaliyobaki.

Hapo ndipo ningependa tujaribu wiki hii. Chota koleo moja. Osha vikombe tu, uache sufuria. Hiyo ya ugali itie maji usiku kabla ya kulala, asubuhi ukoko utabanduka wenyewe, huna haja ya kuukwangua kwa hasira. Tandika kitanda chako kabla hujatoka chumbani. Mara nyingi mkono ukishalowa, mwili unafuata. Na wa nyumbani wakisikia maji yanamwagika kwenye karai, yupo atakayekuja. Asipokuja, mwite, wale makuhani walikuja mbio kwa kuwa walifundishwa, hawakuzaliwa hivyo.

Ndugu zangu wanaume, kuhani alikuwa mwanamume. Sitaongeza neno. Na wenye dada wa kazi, tusimwachie binti wa watu majivu ya nyumba nzima kuanzia alfajiri hadi saa nne usiku, halafu sisi tukaenda kusali.

Kuna jambo moja siwezi kuliruka. Wapo ambao nyumba imewashinda kwa sababu wamefiwa, au wamejifungua juzi, au wana ule uchovu wa moyo ambao madaktari wanauita sonona. Kwa hao siwasomei Walawi. Nawasomea 1 Wafalme 19. Nabii Eliya alilala chini ya mti wa mretemu akaomba afe, na malaika hakumwambia jipange. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili ale. Ukiingia kwa mwenzako ukakuta hali hiyo, usitoke na habari za kusimulia kisimani. Shika fagio, au peleka uji. Na hali ikiendelea, mpeleke hospitali.

Mwisho ni hili la jumuiya. Tunajua sote jinsi nyumba inavyohangaishwa siku tunapokwenda kusali kwa mtu: vitambaa vya makochi vinafuliwa usiku, watoto wanakatazwa kukalia viti. Alhamisi hii mama mwenyeji asifue kitambaa chochote. Chai atatupikia, hatuwezi kumnyima hilo. Vikombe tutaosha wenyewe kabla ya kuondoka, na mwenyekiti amekubali kuanza yeye.