Mtoto asichomwe BCG: mimba yangu na sindano ya kila wiki mbili

Sindano nilishaizoea. Kilichonitoa jasho katika mimba yangu hakikuwa dawa ya baridi yabisi, ilikuwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu (TB) ambayo watoto wetu huchomwa begani hata kabla hawajapewa jina.

Baridi yabisi ilinianza nikiwa na miaka 24. Nasema ile ya kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo, si ya uzee wala ya kulala sakafuni kama bibi yangu anavyoamini hadi leo. Kuna asubuhi nilishindwa kufunga kitenge. Nilianza na metotreksati, vidonge vya mara moja kwa wiki, havikutosha. Ndipo daktari akaniongezea adalimumabu, sindano ya kushusha kinga ya mwili, miligramu 40 kila baada ya wiki mbili, nikijichoma mwenyewe pajani. Kabla ya kuanza nilipimwa kifua kikuu, maana dawa hii huweza kuiamsha TB iliyolala mwilini.

Nilipoolewa na kuanza kutamani mtoto nilidhani nitaambiwa niache vyote. Daktari akaondoa metotreksati tu. Hiyo huharibu mimba na huweza kumlemaza mtoto, kwa hiyo nikakaa miezi mitatu bila kuimeza kabla hatujaanza kujaribu. Sindano akaiacha. Alisema ugonjwa ukiwaka mimba ikiwa tumboni, mtoto yumo hatarini kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, na kwa mtu kama mimi hilo lilimtisha kuliko dawa yenyewe.

Akanichorea kwenye karatasi. Adalimumabu ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, na kondo la nyuma lina njia yake ya kuvusha kingamwili za mama kwenda kwa mtoto. Katika miezi mitatu ya kwanza, wakati viungo vinaumbika, hazivuki ila chache mno. Kuanzia mwezi wa nne zinaongezeka, na miezi ya mwisho zinapita kwa wingi, kiasi kwamba mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na dawa nyingi damuni kuliko mama yake. Ipo dawa ya jamii hiyo hiyo, sertolizumabu, iliyotengenezwa bila ile sehemu inayoshikwa kwenye kondo, hivyo huvuka kidogo sana au haivuki kabisa. Sisi hatukuipata, tukabaki na tuliyonayo.

Tulikubaliana nisimamishe sindano wiki ya 28. Nikasimamisha. Wiki ya 31 vifundo vya mikono vikavimba kama maandazi, mume wangu akawa ananichana nywele. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu hupata nafuu mimba inapokua. Mimi sikuwa kwenye fungu hilo. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ya dozi ndogo haikufua dafu, tukarudi kwenye sindano, ya mwisho nikachoma wiki ya 34.

"Sasa deni hili utalilipa kwenye chanjo," daktari akaniambia.

BCG ni bakteria hai aliyedhoofishwa. Mtoto aliyezaliwa na dawa ya kushusha kinga anaweza kushindwa kumdhibiti. Daktari akanisimulia kisa kilichochapishwa mwaka 2010 kutoka London: mama alitumia infliksimabu, ndugu wa hii yangu, kwa ugonjwa wa utumbo. Mtoto alizaliwa mzima, akachomwa BCG akiwa na miezi mitatu, bakteria wa chanjo wakasambaa mwilini, akafariki kabla ya kutimiza miezi mitano. Sikulala usiku ule.

Akaniandikia barua. Nikatoa nakala nne, na juu ya kadi ya kliniki nikaandika kwa wino mwekundu: MTOTO ASICHOMWE BCG MPAKA MIEZI SITA. Matone ya polio ya kuzaliwa nayo yasubiri, kwa kuwa nayo ni ya virusi hai. Zile zisizo na kijidudu hai apewe kwa ratiba kama wenzake.

Nilijifungua usiku. Nesi wa zamu alisoma barua, akatikisa kichwa, tukaelewana. Alfajiri zamu ikabadilika. Akaingia mwingine na sinia: "Haya kina mama, leteni watoto wachanjwe." Nilikuwa nimesinzia. Mdogo wangu, niliyemwagiza asibanduke kitandani, ndiye aliyemkumbatia mtoto na kusema, "Samahani dada, huyu ana barua." Nesi akaudhika. Simlaumu, wamefundishwa kwamba mama anayekataa chanjo ni wa kubembelezwa au kufokewa. Aliposoma alikwenda kumwita mkubwa wake, na yule akampigia daktari wangu. Sinia likapita.

Kunyonyesha hakukuwa na shida: dawa huingia kidogo sana kwenye maziwa, na hicho kidogo humeng'enywa tumboni mwa mtoto. Baada ya wiki mbili, nilipokuwa sina dalili ya maambukizi, nikaanza kujichoma tena.

Taabu ikawa nyumbani. Mtoto hana kinga ya TB, na arobaini ni arobaini, wageni hawakatiki. Baba mdogo wa mume wangu alikuwa anakohoa wiki ya tatu. Nani amwambie? Nilimweleza mama mkwe kila kitu, na barua nikamsomea. Mwanzo alinuna. Kesho yake akaweka viti barazani, na kila anayekohoa akaishia huko huko. Baba mdogo akatumwa kupimwa makohozi kwanza.

Miezi sita ilipotimia daktari akaruhusu. Nikaenda kliniki Jumatatu, nikaambiwa nirudi Alhamisi: chupa moja ya BCG ni dozi 20, na ikishafunguliwa haikai zaidi ya saa sita, kwa hiyo wanasubiri watoto watimie. Alhamisi nikawa kwenye foleni na jitu langu la kilo nane katikati ya vichanga, kila mama ananigeukia. Nesi akageuza kadi, akasoma wino mwekundu, akacheka, akachoma.

Kipele kikatoka, kikatumbuka, kikapona chenyewe na kuacha kovu. Baba mdogo, aliyekutwa hana TB tangu ile wiki aliyotumwa kupimwa, hajanisamehe mpaka sasa.