Mrihani wa Mama Mkubwa

Mikindani, Jumapili ya tatu ya Juni

Asubuhi ya leo, kabla sijanywa chai, nimeukagua mrihani wangu jani kwa jani, kama nifanyavyo kila siku tangu ule wa kwanza uniozee mwezi Machi. Katika tawi nililolikata wiki iliyopita, penye makwapa ya majani mawili yaliyobaki, vimechomoza vichipukizi viwili vidogo kuliko punje ya mchele, na nilipovigusa kwa ncha ya kidole harufu ilipanda palepale. Mafuta ya mrihani yamehifadhiwa katika vifuko vidogo mno vilivyo juu ya ngozi ya jani, navyo hupasuka kwa kuguswa tu. Ndani yake mara nyingi imo yujenoli, ileile inayoipa karafuu harufu yake, na ndiyo maana mirihani mingine hunukia kikarafuu.

Mrihani huu nilipewa na mama mkubwa. Ua wake ulikuwa na mirihani tangu sijazaliwa, pembeni mwa asumini, na nyumbani kwetu hapakuwa na arusi ambayo vikuba vyake, vile vishada vidogo vya maua na majani ya kunukia wanavyojipamba navyo wanawake, havikufungwa kwa rihani iliyochumwa pale. Watoto tulitumwa kuchuma alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, na tulikatazwa kung'oa. Tulionyeshwa kukata juu ya kifundo, mahali ambapo majani mawili yanatazamana, ili shina moja lirudi kuwa mawili. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini nahangaika na ndoo ilhali vivumbasi vimejiotea vyenyewe kando ya njia. Kivumbasi ni ndugu wa mrihani, nacho nakiheshimu kwa kazi yake ya kufukuza mbu, lakini harufu yake ni kali na haikai katika kikuba wala katika chakula kama ya rihani.

Sasa niseme yaliyotokea Machi. Mrihani ulikuwa katika ndoo ya rangi ya lita 10, ambayo niliitoboa chini matundu manne tu kwa msumari wa moto, na niliuweka chini ya mchirizi wa bati nikiamini kwamba maji ya mvua ni neema kwake. Mvua zilinyesha mfululizo. Siku moja adhuhuri nikaona majani yamelegea na ncha zimeinama, nami nikadhani una kiu, kwa sababu mmea ulionyauka ndivyo unavyoonekana. Nikamwagilia. Jioni ukazidi kuinama, nikaongeza kopo jingine, na kesho yake majani ya chini yakawa manjano na sehemu ya shina iliyo karibu na udongo ikawa nyeusi.

Nilimpigia simu mama mkubwa. Baada ya shikamoo na salamu za nyumbani nilimweleza yote, naye akauliza swali moja: "Mwanangu, ulitia kidole udongoni?" Sikuwa nimetia. Nilipotia, kidole kilizama kama katika tope la mikokoni na kilitoka kikinuka vivyo hivyo. Niliuinua mmea taratibu, nikaona mizizi imegeuka kahawia, na nilipouvuta mmoja ganda lake lilivuka likabaki mkononi mwangu, ukaachwa uzi mwembamba mweupe. Hapo ndipo nilipoelewa. Mizizi huhitaji hewa. Maji yakijaza kila upenyo wa udongo, mizizi hukosa pumzi na kufa, na mizizi iliyokufa haiwezi kunyonya maji, hata kama inaogelea ndani yake. Kwa hiyo majani yangu yalikuwa na kiu kweli, na kila kopo nililomimina lilizidisha kiu hiyo. Nililia kidogo, wala sioni aibu kuliandika hilo, kwa kuwa wakati huo mirihani ya uani kwa mama mkubwa ilikuwa imekwisha kukauka alipokuwa Lindi akiuguza, na ule wa kwangu ndio uliobaki.

Alichoniambia kufanya nilikifanya usiku uleule. Nilikata ncha saba ambazo bado zilikuwa kijani, kila moja urefu wa kidole cha kati, nikaondoa majani ya chini na kubakiza manne ya juu, nikazitia katika glasi ya maji ya mvua dirishani, mahali penye mwanga pasipopigwa na jua kali. Maji niliyabadilisha kila baada ya siku mbili. Ncha tatu zilioza. Nne zilizosalia, siku ya nane, zilianza kutoa vinundu vyeupe penye kifundo, na kufikia wiki ya pili mizizi ilikuwa na urefu wa kucha ya kidole gumba. Mrihani haudumu miaka mingi. Ukishachanua na kutoa mbegu shina hukomaa kuwa ukuni na majani hupungua. Lakini ncha iliyokatwa na kutia mizizi ni mmea uleule, wala si mtoto wake, na kwa njia hii mrihani uliofungwa katika vikuba vya mama zangu ndio huu ninaoushika leo.

Ndoo mpya nimeitoboa matundu 12, mengine ubavuni karibu na kitako, na nimeiinua juu ya vipande viwili vya tofali ili maji yapate pa kutokea. Udongo mwekundu peke yake hushikana kama saruji, kwa hiyo nimeuchanganya na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri pamoja na makumbi ya nazi niliyoyachambua kwa mkono. Makumbi niliyatoa jikoni, si yale yanayofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, maana hayo yamelewa chumvi. Hata hivyo niliyaloweka na kuyakamua mara tatu. Chumvi ni adui mkubwa kwetu tunaoishi karibu na bahari. Nilipomwagilia kwa maji ya kisima wiki mbili mfululizo mwezi Mei, kingo za majani ziliungua na ukoko mweupe ukajitokeza mdomoni mwa ndoo, kwa kuwa maji huondoka kwa joto na chumvi hubaki. Sasa kisima ni cha kufulia, na mrihani unakunywa maji ya mvua niliyoyaweka akiba katika pipa lenye kifuniko.

Mahali pa kuuweka napo nimepafikiria sana. Kusi imekwisha kushika, nayo hukausha ndoo kwa nusu siku na kuchana majani laini. Lakini sisi tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, na mwezi huu jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini wa nyumba unapata jua karibu kutwa nzima huku nyumba yenyewe ikiukinga mmea na upepo. Ikifika Desemba jua litakuwa limehamia kusini, na ndoo italazimika kuhama pia.

Maua nayaondoa yanapoanza kutoa kishuke, ili nguvu irudi kwenye majani. Mama mkubwa hakubaliani nami kabisa. Kwake kishuke ndicho kinachotoa kikuba kizuri. Tumepatana kwamba tawi moja liachwe lichanue, nami nitapata mbegu.

Alasiri ya leo nimempelekea mmea mmoja kati ya ile minne, ukiwa katika kopo la maziwa ya unga. Nilidhani angeunusa kwanza. Alikaa barazani, akaliweka kopo mapajani, akatia kidole udongoni hadi pingili ya pili, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba huu usinyweshwe mpaka kesho kutwa.