Asubuhi Tulizoomba Upepo Usije

Kusimamisha mlingoti wa kupimia upepo kunataka hewa iliyotulia. Mimi, kijana wa Busia niliyezoea kufunga nyaya za umeme majumbani, nililijua hilo nilipofika Moroto, mji wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Tumeletwa Karamoja kwa sababu ya upepo, halafu kila alfajiri tunatoka hemani tukiomba usije!

Mlingoti ulikuwa wa mita 60, mabomba yaliyochomekwa moja ndani ya jingine, umelazwa chini. Anemomita, vile vikombe vitatu vinavyozunguka, tulishazifunga, pamoja na vipima mwelekeo na ncha ya kukinga radi. Mlingoti wa aina ile haupandiki. Skrubu ikilegea, ni kuushusha wote. Ndiyo maana mkubwa wetu alikagua kila skrubu mara mbili, kisha akarudia.

Saa kumi na mbili na nusu winchi ikaanza kuvuta. Mimi nililinda nyaya za kuushikilia mlingoti upande wa kusini: kulegeza kidogo, kukaza kidogo, macho juu. Ulipofika nusu ya kuinuka, nikasikia kitu miguuni. Udongo wa pale ni ule mweusi unaopasuka ukikauka na kunata ukilowa, na juzi yake mvua ilikuwa imenyesha. Ulikuwa unafunguka kuizunguka nanga yangu, ile iliyozikwa ardhini kushikilia nyaya.

"Mzee, nanga inatoka!"

"Inatoka, au inajivuta tu ikae sawa?"

Sikujua. Mikono ilikuwa inatetemeka.

"Shusha," akasema.

Kushusha kulinichosha kuliko kupandisha. Bomba la mwisho halijatulia vizuri chini, vumbi likaanza kutembea uwandani. Mzee hakusema neno. Alinimiminia chai mimi kwanza.

Tulichimba upya, kwenda chini zaidi, tukamwaga zege na kungoja likauke. Safari hiyo ukasimama.

Askari aliyekuwa akitulinda akaja kuutazama. "Fundi, huu ni wa kampuni gani ya simu?"

"Si wa simu, afande. Unapima upepo." Nikamweleza kwamba utarekodi wastani wa kila dakika 10, mwaka mzima au zaidi, maana tofauti ndogo ni kubwa: upepo wa mita 6 kwa sekunde ukifika 7, nguvu yake inaongezeka karibu asilimia 60.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu yake, akaiinua juu, akazunguka nayo polepole chini ya mlingoti.