Kusoma kwa hiari darasani: ninavyoendesha dakika 20 za vitabu

Darasa langu ni la nne, wanafunzi 70, watatu kwa dawati. Katika darasa la namna hii adui mkubwa ni mtoto anayejifanya anasoma. Ametulia, kitabu kiko wazi, na mwalimu anaridhika.

Kiswahili kinamsaidia kujificha. Akishazimudu silabi, anaweza kutamka ukurasa mzima bila kujikwaa na asielewe kitu. Kwa hiyo kile kipimo cha vidole vitano nimekigeuza. Kawaida mtoto hukunja kidole kwa kila neno linalomshinda, na vitano vikiisha katika ukurasa mmoja, kitabu ni kigumu. Wangu wanakunja kwa neno wasilojua maana yake, hata wakilitamka vizuri, na mwisho ni vidole vitatu. Maneno yetu yamebeba mengi. "Hawakumwambia" peke yake ni habari kamili. Yakipotea manne katika ukurasa, hadithi nayo imepotea.

Vitabu ndivyo vinavyokwamisha wengi. Mtoto asiye na cha kuchagua hasomi kwa hiari, kwa hiyo idadi ya vitabu lazima izidi ya wasomaji. Kwa vitabu 50 nagawa darasa: 35 wanasoma Jumatatu na Jumatano, 35 Jumanne na Alhamisi. Wasio na zamu wanafanya zoezi la kuandika. Nyongeza natengeneza mwenyewe. Hadithi za African Storybook zina leseni inayoruhusu kuchapa na kunakili bure, na zimepangwa kwa viwango. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, hivyo kijitabu cha kurasa 16 kinataka karatasi nne tu. Nashona mgongo kwa uzi, matundu matatu, kwa kuwa pini za steplazi hushika kutu na kuchana karatasi. Jalada ni boksi la katoni.

Navipanga katika maboksi matatu bila kuandika "rahisi" wala "kigumu". Natia alama za rangi tu. Ukiandika, wanaosoma polepole wataona aibu kugusa boksi lao, na watachukua vinene vya kujipamba navyo.

Naanza na dakika 10, naongeza mbili kila wiki hadi 20. Ukianza na 20 moja kwa moja, kuanzia ya 12 utasikia madawati yakigongana. Kunong'ona nakuruhusu, maana umri huu wengi bado wanasoma kwa midomo, na ukimya wa lazima huzaa haohao wanaojifanya. Wakisoma wawili kitabu kimoja, nawapanga wenye kasi inayolingana. Bila hivyo mwenye kasi anafunua, mwenzake anabaki kutazama picha.

Wakati wanasoma, nafika kwa watoto watano, dakika tatu tatu. Namwambia mmoja: "Nisomee hapo ulipofika." Kisha: "Unadhani atafanya nini sasa?" Anayesoma kweli anakisia, hata kama anakosea. Anayejifanya anarudia sentensi ya mwisho. Huyo simkemei, nambadilishia kitabu, maana mara nyingi kilikuwa juu ya uwezo wake au hakimhusu. Kwa watano kila kipindi, 35 wanamalizika ndani ya wiki nne.

Ufupisho na maswali ya ufahamu kila baada ya kitabu nimeviondoa. Mtoto akijua kuna maswali, anatafuta majibu. Zawadi kwa aliyesoma vitabu vingi ni mbaya zaidi: wiki ya pili tu vyembamba vyote vimeisha na hakuna anayekumbuka hata kimoja. Kinachovuta ni mwalimu kusoma kwa sauti kurasa mbili tatu, kukomea pale panapochemka, na kukiweka kitabu mezani.

Ijumaa ni siku ya kuazima vitabu. Wanafunzi wawili wanashika kauntabuku: namba ya kitabu, jina, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Kila kitabu kinaondoka ndani ya mfuko ulioshonwa kwa salfeti, kinga dhidi ya mvua na wadogo zao. Vingine vitapotea. Faini siitozi, kwani mzazi akitozwa mara moja humkataza mtoto kuazima tena.

Asiyejua silabi bado, hii si dawa yake. Anahitaji kufundishwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa muda wake mwingine. Wakati wa vitabu nampa vya picha na mwenzake wa kumsomea.

Jambo la ofisi: iandike shughuli hii katika azimio la kazi na andalio la somo, pamoja na umahiri unaojengwa. Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akipita akute watoto wamekaa kimya na mwalimu kainama dawatini, daftari unaloandikia mazungumzo yako na wale watoto watano, na kauntabuku ya kuazima, vitamjibu kabla yako.