Nilivyolirudishia gitaa langu mwili wake ndani ya mashine

Ukichomeka gitaa la akustika lenye pikapu ya piezo (kitambuzi kinachogeuza msukumo wa nyuzi kuwa umeme) kwenye mashine ya kidijitali inayoiga ampli, mara nyingi unapata sauti nyembamba, kama uzi wa mpira uliofungwa kwenye kopo. Ukikung'uta nyuzi kwa nguvu, inakuwa kali hadi inakera. Mimi nilitaka kupanda jukwaani na mashine moja tu, ile ile ninayopigia gitaa la umeme, na gitaa la akustika lisikike kama mbao. Sasa linasikika hivyo, nami naipenda sauti yake kila ninapopiga.

Nilianza kwa kuzima vitu. Mashine hizi zimeundwa kwa ajili ya gitaa la umeme, na priseti nyingi (mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa) zinakuja na ampli na kabati la spika. Spika ya gitaa la umeme hushuka haraka kuanzia karibu 5,000 Hz, na huko juu ndiko kuliko mguso wa ukucha kwenye uzi na ile hewa inayomfanya msikilizaji aamini anachosikia. Nikazima ampli, nikazima kabati, nikatolea sauti kwenye spika ya masafa yote, ya aina wanayotumia waimbaji. Kwa maoni yangu hakuna hatua inayoleta tofauti kubwa kuliko hii, na haihitaji kununua efekti yoyote.

Kisha nikaangalia mahali waya unapoingia. Piezo hufanya kazi kama kapasita, kwa hiyo ikikutana na ingizo lenye impedansi ndogo (ukinzani wake kwa umeme, unaopimwa kwa omu), besi inakatika. Ingizo la laini la omu 10,000 halifai kabisa. Megaomu 1 inavumilika, ila gitaa langu halina priampu (kikuzaji cha awali) ndani, kwa hiyo natanguliza kijisanduku cha priampu chenye ingizo la megaomu 10. Kama gitaa lako lina priampu ya betri, ruka hatua hii.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye faili la IR, yaani rekodi fupi ya jinsi mwili wa gitaa unavyoitikia sauti. Piezo iliyo chini ya mfupa wa daraja inapokea msukumo wa nyuzi, basi. Haisikii ubao wa juu ukitetemeka wala tundu likipumua. Kwenye gitaa kubwa la kawaida hewa ya ndani huvuma karibu na 100 Hz na ubao wa juu karibu na 200 Hz, na mvumo huo ndio tunaouita sauti ya gitaa. Faili la IR hubeba mwitikio huo na kuyavisha mawimbi ya piezo. Yapo mengi yaliyotengenezwa tayari, lakini nilitaka la gitaa langu. Niliweka maiki ya kondensa sentimita 30 mbele ya freti ya 12, nikarekodi maiki na piezo kwa wakati mmoja katika njia mbili, nikipiga polepole kila sehemu ya shingo ili noti zote ziguswe. Programu ya kompyuta ikalinganisha njia hizo mbili na kutoa faili. Mashine yangu inakubali sampuli (vipimo vya sauti) 2,048, ambazo kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 43. Zinatosha kubeba mwili wa gitaa. Mwangwi wa chumba nauongeza baadaye, kidogo sana.

Kuna jambo moja hapo ambalo wengi hawaambiwi. Sauti huchukua karibu milisekunde 0.9 kusafiri sentimita 30 hadi kwenye maiki. Ucheleweshaji huo ukibaki mwanzoni mwa faili, kisha ukachanganya faili na piezo tupu, sauti hizo mbili zinafutana kuanzia karibu na 570 Hz, na unabaki na gitaa lenye shimo katikati. Nilikata kimya cha mwanzo wa faili mpaka vilele vya njia zote mbili vikalingana, nikajaribu pia kugeuza fazi (kupindua wimbi juu chini), nikachagua upande wenye besi nene zaidi. Baada ya hapo nikachanganya: asilimia 60 IR, 40 piezo. Piezo kidogo inahitajika, maana ndiyo inayoleta mguso wa vidole.

Ikwalaiza yangu (ya kupunguza au kuongeza sehemu za sauti) ni ya adabu. Nakata chini ya 80 Hz, sipandi zaidi kwa sababu uzi mzito wa E uko 82 Hz. Napunguza desibeli 3 kati ya 1,500 na 2,500 Hz, ambako ukali wa piezo umejificha. Kompresa, inayobana sauti zinazopanda sana, iko 2:1, nayo naichelewesha milisekunde 30 kabla haijashika ili mpigo wa kwanza upite mzima.

Na haya yote nayarekebisha kwa ukubwa wa sauti ya jukwaani. Sikio husikia besi zaidi sauti ikipanda, hivyo kilichopendeza kwenye hedifoni chumbani huvuma kupita kiasi kwenye spika kubwa. Ndiyo maana nina priseti mbili. Ya kupiga peke yangu ina IR nyingi. Ya bendi ina piezo zaidi, na nimepunguza eneo la 100 Hz, kwa kuwa gitaa la besi na ngoma tayari ziko huko, na huko ndiko gitaa huanza kuvuma kwa fidibaki, sauti ya spika inaporudi kwenye gitaa.